Kadi ya chanjo ninayo, mbona mbwa alikufa?

Swali: Shikamoo daktari. Niko Tanga mjini, nina watoto wawili na paka mmoja jike. Mwaka jana mbwa wetu wa miezi minne alitapika, akaharisha damu, akafa ndani ya siku tatu. Alikuwa amechanjwa, kadi ninayo hadi leo. Sasa shemeji ametuletea mtoto mwingine wa mbwa, wa wiki tano. Mume wangu anataka alale kwenye banda lilelile na aogeshwe dawa ya kupe tunayotumia kwa ng'ombe, kwa sababu ameshaanza kushika kupe. Mimi paka akichoka-choka huwa namvunjia panadol kidogo. Tunakosea wapi? Nisingependa watoto walie tena.

Jibu: Marahaba, dada. Poleni sana kwa yule wa kwanza.

Nianze na la haraka, maana huenda wakati unasoma hapa mtoto wa mbwa yumo bandani tayari. Mtoeni leo. Mlazeni ndani au barazani, penye sakafu ya saruji au vigae, mahali ambapo yule wa kwanza hakuugulia, na asikanyage kabisa uwanja ule. Kutapika, kuhara damu, umri wa miezi minne, kufa ndani ya siku tatu: dalili zote ulizotaja zinaelekea kwenye parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo wa watoto wa mbwa. Bila kipimo siwezi kuapa kwamba ndiyo iliyomuua, lakini hapo kwenu fanyeni kila kitu kana kwamba ndiyo.

Kirusi cha parvo ni kigumu kufa kuliko watu wanavyodhani. Kwenye udongo, hasa penye kivuli na unyevu, kinaweza kukaa mwaka mzima na zaidi kikimsubiri mtoto wa mbwa asiye na kinga. Sabuni ya unga haikiui. Dawa nyingi za kudekia zenye harufu nzuri nazo hazikiui. Kinachokimaliza ni klorini, yaani jiki ya kawaida ya dukani, nayo ina utaratibu wake. Kwanza kwangua uchafu wote, sugua banda kwa maji na sabuni, suuza, kisha changanya kipimo 1 cha jiki kwa vipimo 30 vya maji, mwagia mpaka palowe na uache dakika 10 au zaidi kabla ya kusuuza. Usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi, utajiumiza mapafu, na watoto na paka wakae mbali mpaka pakauke. Ukimwaga jiki juu ya matope na kinyesi umeipoteza bure, kwani uchafu unaila nguvu kabla haijakifikia kirusi. Kwa sababu hiyo udongo wa uwanja huwezi kuusafisha namna hii. Kama banda ni la mbao zilizochakaa, lichomeni mjenge jingine upande mwingine wa nyumba, muwekee sakafu ya saruji. Bakuli la plastiki, kamba na matambara ya yule marehemu yatupwe pia. Najua banda ni gharama, lakini kumtibu mbwa mmoja wa parvo kwa dripu siku tano ni gharama zaidi, na hata hivyo si wote wanaopona.

Sasa tuje kwenye kadi. Ichukue uangalie pale palipoandikwa jina la chanjo. Kadi nyingi ninazoonyeshwa na watu waliofiwa na mbwa zina neno moja tu: kichaa. Ni ile chanjo ya kampeni ya halmashauri, watoto wanapeleka mbwa shuleni au ofisi ya kata na kurudi na kadi. Ni chanjo muhimu kuliko zote, nitaizungumzia mbele, ila inakinga kichaa cha mbwa peke yake. Kwa parvo haifanyi lolote. Chanjo ya parvo inakuja katika ile tunayoiita ya mchanganyiko, inayokinga pia distempa (ugonjwa mwingine wa kirusi unaoua mbwa), homa ya ini ya mbwa na mara nyingi leptospirosisi, ugonjwa ambao Watanzania wengi waliujua kwa jina la homa ya mgunda ulipozuka Lindi mwaka 2022. Hakuna aliyekudanganya, dada. Mbwa wako alichanjwa kweli, ila alichanjwa dhidi ya ugonjwa mwingine.

Na kama kadi inaonyesha mchanganyiko, angalia tarehe, kisha hesabu dozi ni ngapi. Mtoto wa mbwa anazaliwa na kinga aliyopewa na mama yake, nyingi akiipata kwenye maziwa ya siku ya kwanza. Kinga hiyo inapungua taratibu, na ikiwa bado ipo mwilini inaipiga chanjo na kuifuta kabla haijamfundisha chochote. Kwa mmoja inaisha wiki ya nane, kwa ndugu yake wa tumbo lilelile wiki ya kumi na nne, na kwa kumtazama tu huwezi kujua nani ni nani. Basi tunarudia: ya kwanza wiki ya 6 hadi 8, kisha kila baada ya wiki 3 au 4, na ya mwisho isitolewe kabla ya wiki 16. Anayechanjwa mara moja akiwa na wiki sita na kuachwa hapo, mara nyingi ni sawa na asiyechanjwa. Wamiliki wengi wanakomea dozi ya kwanza kwa kuwa mbwa anaonekana mzima, na wanaomchanja hawawaelezi sababu ya kurudi.

Kuna kasoro ya tatu ambayo haionekani kwenye kadi yoyote. Chanjo inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 kutoka kiwandani hadi kwenye ngozi ya mbwa. Ukiinunua duka la dawa za mifugo, ukaitia kwenye mkoba, ukapanda daladala saa saba mchana kwa joto la Tanga, halafu jirani anayejua kuchoma sindano akamchoma jioni, kinachoingia kinaweza kuwa maji tu. Kadi itajazwa na stika itabandikwa vilevile. Mpeleke mbwa kwa daktari mwenye friji, umwone akiitoa chanjo humo na kuichanganya mbele yako. Hilo ni haki yako kuliomba, na daktari mwenye kujali kazi yake hatachukia.

Huyu mpya kwa wiki tano bado ni wa kunyonya. Muulize shemeji kama mama yake yupo na ana afya. Kama yupo na hapo walipo hakuna mbwa anayeharisha, mrudishieni hadi atimize wiki nane. Wiki hizo tatu anajifunza kutoka kwa mama na ndugu zake kiasi cha kung'ata bila kuumiza, na somo hilo binadamu hatulifundishi vizuri. Mbwa aliyechukuliwa mapema mno anaweza kuja kung'ata watoto akiwa mkubwa. Ikishindikana, mlishe mara nne kwa siku, kidogo kidogo. Maziwa ya ng'ombe mengi yatamharisha. Uji mzito wa dona uliopikwa pamoja na dagaa waliooshwa chumvi na kusagwa, yai la kuchemsha likipondwa humo mara mojamoja, ni chakula kizuri na watu wa kawaida wanakimudu. Uji mtupu humjaza tumbo tu, mwili haukui. Na apewe dawa ya minyoo wiki hii hii, ya mbwa, kwa uzito wake. Minyoo ya duara inapita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto angali tumboni, kwa hiyo lile tumbo la mviringo linalosifiwa kuwa ameshiba, mara nyingi ni minyoo. Rudia kila baada ya wiki mbili hadi afikishe miezi mitatu.

Panadol. Hapa naomba uniwie radhi nikizungumza kwa ukali, kwa sababu nimeshaona paka wengi waliouawa na kidonge hiki kwa mkono wa mtu aliyewapenda. Kazini kwangu, wanaoletwa kwa sababu ya ukatili ni wachache. Wengi wameletwa na huruma iliyofanya haraka bila kuuliza, mtu akimpima mnyama kwa kipimo cha mtoto wake, au kwa kipimo cha ng'ombe wake.

Ini la paka halina vimeng'enya vya kutosha vya kuivunja parasetamoli kama linavyofanya ini lako. Dawa inageuka sumu na kuishambulia damu, na damu inakoma kubeba hewa. Paka wa kawaida wa mtaani ana kilo 3 na nusu. Nusu kidonge ni miligramu 250, ambayo kwake ni zaidi ya miligramu 70 kwa kila kilo, wakati paka wamewahi kudhurika kwa miligramu 10 tu. Ndani ya saa nne hivi fizi zinaacha uwaridi na kuwa za kahawia, mkojo unakuwa mweusi, uso na miguu ya mbele vinavimba, anahema kwa shida. Dawa ya kuizuia ipo, asetilisistini, lakini inasaidia akiletwa mapema. Unasema huwa unamvunjia kidogo na bado yu hai. Nashukuru. Huenda alikuwa akiitema kwa uchungu wake. Usimpe tena hata chembe. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki nazo ziweke kwenye kundi hilohilo, kwa paka na kwa mbwa, maana zinatoboa tumbo na kuua figo.

Badala yake jizoeze kumtazama. Jioni hii akiwa mtulivu, mwinue mdomo wa juu uone rangi ya fizi zake akiwa mzima. Bonyeza fizi kwa kidole, itakuwa nyeupe, achia: uwaridi unatakiwa urudi ndani ya sekunde mbili. Fizi nyeupe zinaashiria upungufu wa damu, za manjano ini, za kahawia au samawati sumu au kukosa hewa. Ukiijua rangi yake ya kila siku, siku ikibadilika utaiona mara moja. Paka anayechoka-choka ana sababu, na mara nyingi ni jipu la kung'atwa na paka mwenzake lililofichwa na manyoya. Mpapase shingoni, mgongoni karibu na mkia na miguuni, utasikia uvimbe wa moto. Tena akikataa kula siku mbili usisubiri ya tatu, kwani paka akifunga hivyo mafuta yanarundikana kwenye ini na tatizo la pili linakuwa kubwa kuliko la kwanza.

Namwelewa mumeo kuhusu dawa ya ng'ombe. Chupa ipo ndani, kupe anaonekana, dawa inaua kupe. Ila dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe ni amitrazi au zile zenye majina yanayoishia na methrini: sipamethrini, deltamethrini, pamethrini. Ng'ombe ana kilo mia mbili na zaidi. Mtoto huyu hana hata kilo 2, ngozi yake ni laini, na dawa iliyopimwa kwa kifuniko cha chupa ikamiminwa kwenye beseni haina kipimo. Amitrazi haitumiki kwa mbwa wa chini ya miezi minne. Atalegea, mapigo ya moyo yatashuka, mwili utapoa, na mtadhani amelala. Hizo za methrini mbwa mkubwa anazivumilia, lakini paka hawezi kabisa. Anatetemeka masikio, kisha uso, kisha mwili wote, hadi degedege. Wala si lazima mumwogeshe paka mwenyewe. Inatosha alale ubavuni mwa mbwa aliyeogeshwa, ajilambe. Kwenu wanyama hao wawili wako nyumba moja, kwa hiyo chupa ile ibaki kwa ng'ombe.

Na kwa kuwa mna ng'ombe, nadhani mna na ile sindano ya ivermektini ya mifugo, dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi. Kipimo chake kwa ng'ombe ni mililita 1 kwa kilo 50. Kwa uwiano huo, mbwa wa kilo 2 ni mililita 0.04, tone ambalo bomba la sindano la kawaida halina hata mstari wa kulipima. Wanaochoma kwa kukadiria wanampa mara kumi au ishirini ya kipimo. Oil chafu ya gari ya kupaka upele na mafuta ya taa ya kupaka kupe sitayaeleza sana: vinaunguza ngozi, anavilamba, vinamdhuru ndani.

Kwa huyu mtoto, ng'oeni kupe kwa kibano, mkimshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta moja kwa moja bila kusokota, mtieni kwenye kikopo chenye spiriti. Fipronili ya kupuliza, dawa ya kupe, inaruhusiwa kwa watoto wa mbwa na kwa paka pia, mkifuata uzito ulioandikwa. Halafu geukeni ukutani. Kupe wa mbwa wa huku kwetu, yule wa rangi ya kahawia, anaishi sehemu kubwa ya maisha yake nje ya mbwa. Jike akishashiba anadondoka, anapanda kwenye ufa wa ukuta au chini ya bati na kutaga mayai kwa maelfu. Ukiosha mbwa kila Jumamosi na kuacha nyufa, kila Jumamosi utamwosha. Zibeni nyufa kwa saruji, pulizeni dawa bandani wanyama wakiwa nje hadi pakauke. Kupe huyo huleta ugonjwa wa damu ambao wengi wanauita homa ya kupe: mbwa anakonda, fizi zinapauka, siku moja damu inamtoka puani bila kuumia. Unatibika kwa vidonge vya wiki tatu hadi nne ukiwahiwa.

Kuhusu chakula nitataja machache ambayo watu wa nyumbani hawayategemei. Pilau na mchuzi vilivyobaki vina vitunguu, na vitunguu maji na saumu vinavunja chembe nyekundu za damu za mbwa na paka, hata vikiwa vimepikwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka vijiti vyenye ncha; mfupa mkubwa mbichi wa ng'ombe ni salama zaidi, naye asimamiwe. Mapafu na maini ya buchani yenye vifuko vya maji yasitupiwe mbwa yakiwa mabichi, kwani ndiyo njia wanayomwingilia tegu wadogo, aina ya minyoo, kisha mayai yao yanatoka kwenye kinyesi na kumfikia mtoto wako. Yachemsheni sana.

Jingine ni mahindi yaliyoota ukungu. Nyumba nyingi zinayapeta mazuri kwa watu, yale ya kijani yanasagwa kuwa unga wa mbwa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 huko Makueni na Kitui, Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na ini la mbwa linaumizwa na sumu hiyohiyo. Mbwa anakataa kula, macho yanakuwa manjano, tumbo linajaa maji, na mwenye mbwa anasema amerogwa au amewekewa sumu na wezi. Mahindi yakishaharibika hayamfai yeyote.

Na paka asigeuzwe mla ugali. Mwili wake unahitaji nyama au samaki kila siku, kuna virutubisho vya macho na moyo ambavyo hawezi kujitengenezea. Dagaa wa kuchemsha wakiliwa pamoja na maji yao wanatosha kwa sehemu kubwa.

Nije kwenye kichaa. Huyu mtoto achanjwe akifika miezi mitatu, arudiwe baada ya mwaka, kisha kila mwaka. Paka naye vivyo hivyo. Watu wanamsahau kwa kuwa ugonjwa umepewa jina la mbwa. Kampeni nyingi hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya dunia ya ugonjwa huu, ulizeni ofisi ya mifugo ya halmashauri. Majirani zenu wa Pemba walionyesha inawezekana. Kwa kuchanja mbwa shehia kwa shehia waliufuta ugonjwa kisiwani, ukarudi mwaka 2016, wakachanja tena wakaufuta tena. Kinachohitajika ni mbwa 70 katika kila 100 wawe na kinga.

Kosa linalonitisha kuliko yote linafanyika hivi. Mbwa aliyekuwa mchangamfu anajitenga, sauti inabadilika, taya la chini linalegea, udenda unamtoka na hawezi kumeza. Hang'ati wala hakimbizi mtu. Mwenye mbwa anaamini mfupa umemkwama, anaingiza mkono kooni kuutafuta. Kichaa si lazima kije kwa ukali. Kinakuja pia kwa upole na kupooza, na mate yale yana kirusi. Mbwa wa namna hiyo mfungieni bila kumgusa, mpigie afisa mifugo. Mtu aking'atwa, akikwaruzwa au mate yakigusa kidonda, oshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 za saa, kisha hospitali siku hiyohiyo akaanze chanjo. Pilipili, mkaa, mafuta, jiwe la kunyonya sumu, vyote viacheni. Dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona, na kati ya kila kumi wanaokufa duniani, wanne hivi ni watoto wa chini ya miaka 15. Waambie wanao mapema kwamba yeyote aking'atwa hata na mtoto wa mbwa wa jirani hatapigwa wala kufokewa. Watoto wengi wanaficha jeraha kwa kuogopa viboko, na siku zinapita.

Malezi nayo yana muda wake. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi mbwa anajifunza dunia ina nini: bodaboda, mzee mwenye bakora, mvua juu ya bati, watoto wanaopiga kelele. Akifungwa mnyororo kipindi hicho chote atakuja kuwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata. Lakini chanjo zake hazijakamilika, hivyo asitembezwe mtaani kwa miguu yake. Mbebeni. Mkae naye barazani jioni watu wakipita, aje mgeni mmojammoja amshike. Kama kwa sababu za ibada hamtaki mate yake yawafikie na mnamweka nje, hilo halimdhuru hata kidogo. Anachohitaji ni kivuli kisichohama na jua, maji safi muda wote, kutofungwa mchana kutwa, na mtu wa kumsemesha. Banda la bati lisilo na dirisha, Januari pale kwenu, linaua. Mbwa hutoa joto kwa kuhema, na ndani ya bati hewa yenyewe ni moto.

Huyu ni dume au jike hukusema. Kwa vyovyote fikirieni kumhasi au kumfunga kizazi akikaribia mwaka. Mbwa wanaozurura kutafuta wenza wanarudi na uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana, unaovuja damu kwa miezi. Unatibika kwa sindano za kila wiki, ila ni safari nyingi na fedha nyingi.

Kama fedha hazitoshi kwa yote, na nyumba nyingi hazitoshi, ningepanga hivi. Kwanza chanjo ya kichaa, kwa sababu inawalinda hata watoto, na kwenye kampeni mara nyingi ni bure. Pili chanjo ya mchanganyiko, dozi zote, hata ikibidi kuchelewesha mengine. Tatu dawa ya minyoo, ni bei ndogo. Kumfunga kizazi kunaweza kusubiri mwaka.

Akibaki kwenu, wiki ijayo akitimiza wiki sita mpeleke kwa daktari akiwa mikononi, usimshushe chini kwenye foleni wala kumweka kwenye meza ambayo haijafutwa. Beba kadi ile ya zamani, picha ya chupa zote za dawa zilizomo ndani, na kinyesi kibichi cha asubuhi hiyo kwenye kichupa safi, apimwe minyoo. Apimwe uzito, uandikwe kwenye kadi mpya. Na kabla ya siku hiyo, akikataa chakula mara mbili mfululizo huku anatapika, usingoje kuhara damu kuanze na usimpe kidonge chochote: mkimbize, hata kama ni usiku, maana parvo inayowahiwa kwa dripu siku ya kwanza na ile inayoletwa siku ya tatu matokeo yake hayafanani.